Sema Bei Kabla ya Kuagiza: Wikendi ya Adams na Bili ya Watu Wanane

Kuna meseji moja huzunguka kila Ijumaa jioni kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijana wa upande huu wa Ngong Road: "Kesho Adams?" Maneno mawili tu. Haisemi tunakula wapi, haisemi ni pesa ngapi, haisemi nani analipa. Sisi tunaofanya kazi ya kuelimisha wateja kuhusu malipo ya simu tunashikilia kwamba ugomvi mwingi wa pesa kati ya marafiki huanzia hapo, kwenye hayo maneno mawili. Bili ikija mezani, shida ilishaingia kitambo.

Kwa yule ambaye hajafika, Adams Arcade iko Ngong Road, ukitoka mjini na matatu ya 111 unapita Prestige na unashuka kabla ya Dagoretti Corner. Kituo chenyewe kilijengwa kabla ya uhuru, wakati huku kulikuwa pembeni kabisa mwa jiji. Leo jiji limekipita likaenda zake hadi Ngong na Kiserian, lakini Jumapili mchana barabara za ndani za Woodley na Jamhuri bado zina ule utulivu wa zamani: watoto na baiskeli, watu wakitoka kanisani pole pole, miti mikubwa. Hapo Adams ndipo Java House ilifungua mkahawa wake wa kwanza mwaka 1999. Wengi wa rika letu tulizaliwa miaka hiyo hiyo, na tumekua tukijua kwamba "twende tukanywe kahawa" ni mtoko kamili, sio kiburudisho cha wazee wa ofisini. Na hatua chache kutoka hapo kuna soko la Toi, ambako asubuhi ya Jumamosi unapata jinsi ya mtumba na chapati ya moto kwa pesa ambayo kule kwingine haitoshi kikombe kimoja.

Sasa hapo ndipo kuna kazi. Ndani ya mwendo mfupi wa miguu, mtu mmoja anaweza kutumia shilingi 300 arudi nyumbani ameshiba na amecheka, na mwingine atumie 3,000 na bado anauliza usiku tunaelekea wapi. Zote mbili ni wikendi halali. Lakini "Kesho Adams?" haikwambii unaalikwa ipi. Mwenye 3,000 anasoma mwaliko mmoja, mwenye 300 anasoma mwingine, na wote wanajibu "niko ndani".

Tuchukue mfano. Meza ina watu wanane. Wawili wameagiza nyama, mmoja ameongeza juisi mara tatu, wengine wamekula pizza wakagawana, na yuko mmoja, tumwite yule wa kona, aliyeagiza chai na samosa mbili akisema ameshakula nyumbani. (Hakuna mtu hula nyumbani Jumamosi mchana akijua anaenda kula nje. Sote tunajua. Tunanyamaza.) Bili inakuja 9,600. Mmoja, mara nyingi aliyekaa karibu na weita, anasema, "Wacha nilipe, mtanitumia." Watu wanashukuru. Mwingine anapiga hesabu kwa simu: 9,600 kwa wanane ni 1,200 kila mtu. Yule wa kona, ambaye vitu vyake havikufika 500, anasema "sawa" kwa sauti ya chini.

Tuanze na hasara ndogo kabisa, ile ya ada, kwa sababu ndiyo taaluma yetu. Kwa bei za M-Pesa za sasa, kumtumia mtu 1,200 kunakatwa shilingi 23. Watu saba wakituma, shilingi 161 zimeondoka mezani na hakuna aliyekula chochote. Yule mwenye adabu zaidi ataongeza 29 "ya kutoa", tabia tuliyobaki nayo kutoka siku za kupanga foleni kwa ajenti, ingawa aliyelipa hana haja ya kutoa: alilipa kwa tili, na kesho atatumia pesa hiyo hiyo kwa tili nyingine. Lakini kama wote wanane wangelipa moja kwa moja kwenye tili ya mkahawa, kila mmoja chake, hakuna ambaye angekatwa hata ndururu. Malipo ya tili hayamkati mteja. Ada inabebwa na mwenye biashara, na kwa kuwa ni asilimia ya kiasi anacholipwa, kulipwa mara nane hakumuumizi kuliko kulipwa mara moja.

Utasema 161 si kitu, ukigawanya kwa watu. Ni kweli. Hasara kubwa iko kwa aliyesema "wacha nilipe". Huyu hakuwa na 9,600 za kuchezea. Alikuwa na pesa ya kodi ya nyumba iliyokuwa imelala kwenye simu ikingoja tarehe 5, au alikuwa na 7,000 na Fuliza ikajaza iliyobaki. Fuliza iko tangu mwaka 2019 na imetuokoa wengi kwenye nauli na tokeni za stima, hatuisemi vibaya. Ila ina ada ya kuichukua na ada nyingine inayohesabiwa kwa siku mpaka umalize kulipa, na anayebeba hizo ada ni mmoja, ilhali waliokula ni wanane. Marafiki wakichelewa hadi Alhamisi, yeye ndiye amelipia kuchelewa kwao.

Na watachelewa. Sio kwa ubaya. Deni la 1,200 kati ya marafiki lina taabu yake ya kipekee: ni dogo mno kulidai bila kuona haya, na ni kubwa mno kulisahau. Jumapili unasema wacha wapumzike. Jumatatu unatuma picha ya bili kwenye grupu na kibandiko cha kucheka ili ionekane ni mzaha. Wanne wanatuma. Mmoja anasema "nitakusort mwisho wa mwezi". Wawili wako kimya, lakini unaona wakiweka picha za mtoko ule ule kwa steto zao. Kwenye timu yetu yuko mwenzetu ambaye hadi leo anadai watu watatu wa meza moja, na anasema kinachomuuma sio pesa, ni kwamba sasa anajua kila mmoja wao alikula nini.

Lakini anayetuhangaisha zaidi ni yule wa kona.

Tunamjua vizuri kwa sababu ni mtu wa umri wetu mwenye kazi yake ya kwanza. Mshahara ukisomwa kwa karatasi unaonekana wa maana. Kabla haujafika kwa simu, serikali imeshachukua PAYE, NSSF, asilimia 2.75 ya SHIF na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, kisha HELB wanachukua yao ya mkopo wa chuo. Kinachobaki kina kodi ya nyumba, nauli, na mtu nyumbani anayetumiwa kila mwezi hata kama hatujadiliani kuhusu hilo. Sasa mtu huyu akilipa 1,200 kwa chai na samosa mara moja, atavumilia. Mara ya pili atavumilia. Mara ya tatu ataanza kujibu kwa kuchelewa. "Aki niko na mambo kidogo." "Niko ushago wikendi hii." Hatasema neno "pesa", kwa sababu kulisema mbele ya watu saba ni kazi ngumu kuliko kubaki nyumbani. Baada ya miezi miwili hakuna anayemhesabu tena meza ikitafutwa, na wengine wanasema ameringa. Grupu limepoteza rafiki kwa sababu ya hesabu ya kugawanya sawa kwa sawa, na hakuna aliyemfukuza.

Tukiyasema haya, kuna jibu tunalolipata kila mara: kila mtu kulipa chake ni uzungu. Ati sisi Waafrika tunakula pamoja, hatuhesabiani samosa.

Tunakataa. Hebu angalia vile tunafanya mambo ya pesa tukiwa makini. Harambee, pesa inachangwa kabla ya shughuli. Chama, kila mtu anajua kiasi na tarehe, kuna mweka hazina, na aliyechelewa anapigwa faini na bado anabaki ndugu. Mtu akifiwa, ndani ya saa moja grupu limefunguliwa, na ile orodha inaanza kunakiliwa na kubandikwa upya, kila mtu akiongeza jina lake na kiasi, 200 ikikaa chini ya 5,000 na hakuna anayecheka. Mambo ya kutangaza pesa waziwazi, na kila mtu kutoa kwa uwezo wake, tumeyafanya miaka yote hata kabla M-Pesa haijaanza mwaka 2007. Kilicho kigeni ni hiki cha kula kwanza, kuchanga baadaye, na kujifanya kwamba hesabu haipo. Hicho tulikiokota kwenye menyu.

Hilo halimaanishi mtu asikaribishe watu. Wazazi wakitoka ushago na unawapeleka kula samaki, lipa yote na ulipe ukitabasamu. Umefikisha miaka 25 na umeita watu? Lipa, au sema mapema: "Nyama ni juu yangu, vinywaji kila mtu ajinunulie." Hiyo ni sentensi nzuri sana. Tungependa kuisikia mara nyingi zaidi, kwa sababu mtu akiisikia anajua aje na ngapi. Tunachopinga ni ukarimu wa nusu, ule wa kulipa mbele ya weita na kudai mbele ya grupu.

Basi tufanyeje? Kwanza, mwaliko uwe na bei. Anayependekeza mahali ndiye mwenye kazi ya kuangalia menyu, na siku hizi menyu nyingi ziko mtandaoni. Kisha andika hivi: "Jumamosi saa nane mchana, Adams, chakula na soda, haivuki 800, kila mtu analipa yake kwa tili." Inaonekana kavu. Haina raha ya "Kesho Adams?" Lakini yule wa kona akiisoma anaweza kujibu kwa ukweli: nakuja, siji, au nitawapata kwa chai saa kumi. Na kama kikundi kinapenda kuagiza sinia moja mle pamoja, changeni Ijumaa usiku kwa mtu mmoja, kama chama. Hapo mtakatwa ada ya kutuma, ndiyo, lakini hakuna atakayemkopesha mwenzake bila kukusudia. Mtu ambaye pesa yake haijafika kufikia asubuhi, kiti chake hakijahesabiwa. Ni sheria ngumu kidogo, na tunaisimamia.

Pili, mwambieni weita mwanzoni. Sio mkishamaliza kula na meza ya pili inasubiri kiti chenu. Weita akijua kabla ya kuandika oda kwamba bili ni za watu mbalimbali, anaandika kwa mafungu. Akiambiwa mwishoni, saa mbili usiku ya Jumamosi, mnamlazimisha arudie kazi nzima huku meneja anamwangalia.

Hapa tuna neno na wenye mikahawa. Kuna mahali fulani kwenye barabara hii hii tulikataliwa kulipa kwa mafungu. Tuliambiwa "mfumo haukubali". Tuliangaliana, kwa sababu mifumo ya malipo ndiyo kazi yetu, na tili haijui bili yenu ni ngapi. Inapokea kiasi chochote inachotumiwa. Tunaelewa ugumu uliopo kweli: kashia ana meseji nane za meza moja zimechanganyika na za meza nyingine tatu, na asipozilinganisha vizuri, upungufu unakatwa kwa mshahara wa mtu. Hiyo ni shida ya haki. Lakini dawa yake ni ndogo. Weita aandike kwenye bili jina la kwanza na kiasi cha kila mmoja, meseji zikiingia zinawekewa alama, basi. Mkahawa ukifanya hivyo unapata meza ya wanane wikendi ijayo pia. Ukikataa, unapata meza ya watano, na hautajua wale watatu walienda wapi.

Ukilipa, soma jina. Ukiweka namba ya tili na kiasi, kabla malipo hayajakamilika utaonyeshwa jina la unayemlipa. Wakati mwingine jina hilo halifanani na bango la mlangoni, kwa sababu kampuni imesajiliwa kwa jina lingine. Hilo ni la kawaida, uliza tu kabla ya kukubali. Lakini ukiambiwa "tili imegoma, tuma kwa hii namba yangu", na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama kidogo na umwite meneja. Huenda ni kweli imegoma. Huenda pia ile pesa haitafika kwa mkahawa kamwe, na bili yenu itabaki imefunguliwa. Na simu yako ibaki mkononi mwako. Weita mzuri hataiomba.

Tumeongea sana kuhusu meza za mikahawa, na si haki, kwa sababu wikendi bora tulizopata upande huu hazikuwa za meza. Anza na Toi asubuhi kabla jua halijawa kali, na usiende na begi la kuonyesha una pesa, utauziwa kwa bei ya begi. Kutoka hapo panda matatu ya kwenda Karen au Ngong ushuke karibu na uwanja wa mbio za farasi. Siku za mashindano, ambazo kwa kawaida ni Jumapili, kuna familia zimekaa kwenye nyasi na watoto wanapiga kelele kuliko wanaoweka dau. Karibu na hapo kuna msitu wa Ngong Road, una njia za kutembea na za baiskeli; nendeni kwa kikundi, mbebe maji na matunda, mtalipa kiingilio basi. Kuna pia makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia, ambako kuingia ni bure. Si mahali pa pikiniki wala pa kupiga picha za kuruka ruka. Ni pa kutembea kimya na kusoma majina na umri, na utashangaa wangapi walikuwa wa rika letu.

Jioni mnarudi, mnakula mutura kando ya barabara. Na hata mutura ina hesabu yake. Kumtumia mtu shilingi 100 au chini ya hapo hakukatwi kitu, na kuanzia 101 hadi 500 unakatwa 7. Kwa hivyo kama mko wanne na kila mmoja amekula ya 50, kila mtu akimtumia muuzaji yake mwenyewe, hakuna ada. Mmoja akijitia ubosi akalipa 200 kwa wote, amekatwa 7, na bado ana watu watatu wa kudai hamsini hamsini. Tumecheka sana juu ya hesabu hii ofisini, lakini ukweli ni kwamba kwa mutura watu hulipa kila mtu chake bila kufikiria, na hatujawahi kusikia urafiki umevunjika kwa mutura.

Jambo la mtandao nalo. Jumamosi jioni, kila mtu akilipa saa ile ile, meseji wakati mwingine huchelewa. Umelipa, pesa imetoka, lakini kashia anasema hajaona. Usilipe mara ya pili kwa sababu ya haya. Piga *334#, angalia salio na taarifa fupi ya akaunti yako, uone kama malipo yamepita. Kama yamepita, mwonyeshe namba ya muamala na mngoje pamoja. Dakika tano za kukaa kwa kiti si aibu. Kama ulikosea namba na pesa ikaenda kwingine, ile meseji ya muamala iitume hapo hapo kwa 456, ukiwa bado mezani, kwa sababu kadiri unavyongoja ndivyo aliyeipokea anavyopata muda wa kuitumia. Kwa siku kama hizo ni vizuri mmoja wenu awe na noti ya elfu moja mfukoni. Kampuni yetu haitafurahi kwamba tumesema hivyo, lakini tumekaa kwenye mkahawa wenye mtandao uliokufa, na noti ilifanya kazi.

Limebaki la tipu, ambalo watu wengi hulikosea kwa kutoisoma bili. Mistari miwili ya chini, VAT ya asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2, mara nyingi iko tayari ndani ya bei uliyoiona kwenye menyu, na hakuna hata shilingi moja hapo inayomfikia aliyekuhudumia. Mikahawa mingine huongeza malipo ya huduma. Yakiwepo yataandikwa, na unaweza kuuliza yanaenda kwa nani. Ukiongeza tipu juu ya kiasi cha bili kwenye tili, imeingia kwa mwenye biashara, na kama itafika kwa weita ni juu ya utaratibu wao wa ndani. Tunapendekeza muulize weita mwenyewe, "Nikitaka kukupa kitu kidogo, inakufikia vipi?" Wengine watasema pesa taslimu. Wengine watakupa namba zao, na hapo kutuma kwa namba ya mtu binafsi ni sawa kabisa kwa sababu unajua unamtumia nani na kwa nini. Watu wanane wakituma 50 kila mmoja, hakuna anayekatwa, na yeye amepata 400. Anayefunga mkahawa Jumapili usiku huwa bado anatafuta matatu ya Kawangware au Ngong wakati sisi tumeshalala, na nauli usiku huwa imepanda.